Rangi za Skrini na Maneno ya Pwani: Uhakiki wa Mwongozo Mmoja

Tulipoletewa mwongozo huu hatukuwa na nia ya kuuhakiki. Ni kijitabu cha kurasa chache, kilichofasiriwa kwa ajili ya makarani na maofisa wanaosoma nyaraka katika kompyuta, na sehemu yake kubwa yaeleza namna ya kurekebisha rangi zinapokwenda kombo. Miongozo ya aina hii ni mingi siku hizi, na aghalabu hupita mikononi mwa watu bila ya kusomwa. Kilichotufanya tushike kalamu ni jambo lililompata karani mmoja katika wilaya ya pwani ya mkoa wa Tanga, ambaye, kinyume cha wengi wetu, aliusoma mwongozo, akaufuata neno kwa neno, na kwa sababu hiyo hiyo akakosea.

Habari yenyewe ni hii. Mkulima mmoja alifika ofisini kuuliza kama shamba lake la minazi limo ndani ya mpaka wa hifadhi ya mikoko. Swali hilo si dogo. Misitu ya mikoko katika nchi yetu ni misitu ya hifadhi, na kukata mti humo bila ya kibali ni kosa. Karani akafungua katika kompyuta ramani ya matumizi ya ardhi ya kijiji. Kwa mujibu wa ufunguo wa ramani hiyo, mikoko ilitiwa rangi ya kijani, mashamba ya minazi manjano, na maji buluu. Lakini katika skrini yake hapakuwa na manjano hata chembe. Mikoko na minazi vyote vilikuwa kijani, na pambizo za ukurasa, zilizopasa kuwa nyeupe, zilikuwa na rangi kama ya maji ya bahari mahali penye kina kifupi.

Karani akashika mwongozo. Ukurasa mmoja ulimwelekeza apunguze "samawati" katika mipangilio ya skrini; akapunguza. Ukurasa mwingine ulimwelekeza "abadilishe rangi za hati", akabadilisha. Ukurasa wa ramani ukawa mweusi, rangi zote za ufunguo zikaondoka, na mkulima akaambiwa arudi siku nyingine. Baadaye ilionekana kwamba waya wa skrini ulikuwa umelegea.

Hatutaji ofisi iliyoutoa mwongozo wala hatumlaumu mfasiri wake. Makosa tuliyoyakuta humo si yake peke yake. Ni ya sote tushughulikao na istilahi. Tumezoea kulipima neno kwa uzuri wa umbo lake na kwa asili yake. Ni mara chache tunalipima kwa kuuliza: je, msomaji akilitii neno hili, mkono wake utakwenda mahali panapostahili? Kwa mwongozo wa kurekebisha kitu, hicho ndicho kipimo cha kwanza, na hicho ndicho tutakachokitumia hapa.

Kwanza yafaa tueleze ugonjwa wa skrini ile, maana bila ya kuuelewa hatuwezi kuzihukumu istilahi. Skrini hufanya rangi zote kwa kuchanganya mianga mitatu: mwekundu, wa kijani na wa buluu. Mianga yote mitatu ikiwaka kwa nguvu, jicho huona nyeupe. Mwekundu na wa kijani ikiwaka pamoja, jicho huona manjano. Katika waya wa skrini wa aina ya zamani, ule wenye pini 15 katika safu tatu, kila mwanga una pini yake. Pini ya mwanga mwekundu isipogusa vizuri, rangi ya manjano hupoteza nusu yake na kubaki kijani, na nyeupe hubaki mchanganyiko wa kijani na buluu, yaani rangi ya maji ya kina kifupi. Hayo ndiyo aliyoyaona karani, na dawa yake ilikuwa kukaza waya.

Mwongozo haukusahau dawa hiyo. Katika ukurasa wake wa mwisho umeeleza kwamba nyeupe ikigeuka "samawati" waya ukaguliwe. Lakini mapema zaidi umekwisha kueleza kwamba nyeupe ikielekea "samawati" msomaji apunguze rangi hiyo katika mipangilio. Mahali pa kwanza mfasiri alikusudia buluu, ile rangi ya ubaridi ambayo skrini nyingi huwa nayo zikiwekwa vibaya. Mahali pa pili alikusudia rangi iliyo kati ya buluu na kijani, ambayo wapiga chapa huihesabu miongoni mwa wino zao nne. Magonjwa ni mawili, na dawa ni mbili, lakini jina ni moja. Karani alikutana na dawa isiyokuwa yake kwa sababu ilikuwa imetangulia katika kurasa.

Hapa watakuwako watakaosema kwamba Kiswahili kina upungufu wa majina ya rangi, na kwamba kosa ni la lugha wala si la mfasiri. Hatuafiki. Ni kweli kwamba rangi zenye mizizi ya kivumishi katika lugha yetu ni tatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine zote zimechukuliwa kutokana na vitu: kijani kutokana na majani, manjano kutokana na kiungo, kahawia kutokana na kahawa, kijivu kutokana na jivu, zambarau na machungwa kutokana na matunda, samawati kutokana na mbingu. Lakini njia hiyo si udhaifu. Lugha inayoweza kuifanya rangi ya kila kitu kuwa jina haiwezi kuishiwa na majina. Tatizo letu ni kwamba majina tunayo, ila hatujakubaliana kila moja likae wapi. Kaniki, kwa mfano, ni nguo iliyokuwa ikitiwa nili, na nili ni buluu nzito. Hata hivyo mtu wa Pangani atakuambia kaniki ni nyeusi. Katika mazungumzo hakuna anayedhurika kwa hilo. Katika mwongozo wa rangi, atadhurika.

Kwa hiyo twaonelea neno buluu libaki kwa ule mwanga wa tatu wa skrini, na samawati liwe la rangi iliyo kati ya buluu na kijani. Tunajua kwamba wako wanaolitumia samawati kwa buluu nyepesi ya mbingu, na hatuwakatazi katika maandishi ya kawaida. Tunachoomba ni kwamba katika maandishi ya ufundi maneno haya mawili yasibadilishane nafasi. Wino wa wapiga chapa ulio kati ya nyekundu na zambarau mwongozo umeuita "zambarau". Hilo nalo halifai, kwa sababu msomaji atakayepoteza mwanga wa kijani ataona nyeupe imekuwa rangi ile ya wino, na akiangalia tunda la mzambarau hataiona humo. Neno majenta litosheleze, kwa kuwa ni jina la wino na wapiga chapa wanalijua.

La pili ni neno "hati". Mwongozo unaita kila kinachofunguliwa katika programu "hati". Katika ofisi nyingi neno hilo halina madhara. Lakini katika ofisi inayoshughulikia ardhi, hati ni hati ya kumiliki ardhi, na karani akiambiwa abadilishe rangi za hati ana haki ya kushtuka. Utumishi wa serikali una neno lake tayari, nalo ni nyaraka; Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa imelibeba katika jina lake. Programu ya kusomea nyaraka ni jina refu kidogo, lakini halimpotezi mtu.

La tatu, na hili ndilo lililoiondoa ramani machoni, ni maneno "kubadilisha rangi". Katika programu nyingi za kusomea nyaraka umo mpango uliowekwa kwa ajili ya watu wenye uoni hafifu. Ukiuwasha, programu huziacha rangi alizoziweka mwandishi na kutumia zile alizozichagua msomaji; huenda akachagua maandishi meupe juu ya ukurasa mweusi. Mpango huo una manufaa makubwa kwa anayeuhitaji. Lakini kazi yake ni kuweka rangi nyingine mahali pa rangi za mwandishi. Haurekebishi kitu. Mwongozo umetumia "kubadilisha rangi" kwa mpango huu, na maneno yayo hayo kwa kusahihisha rangi za skrini, na maneno yayo hayo tena kwa kile kitendo cha kupindua kila rangi iwe kinyume chake, kama katika negativu ya picha. Vitendo vitatu, jina moja. Tungependekeza kusahihisha rangi kwa cha kwanza, kuweka rangi za msomaji kwa cha pili, na kupindua rangi kwa cha tatu. Anayejua jahazi lililopinduka hahitaji kuelezwa zaidi.

Pamoja na hayo limo neno "giza". Ukurasa ulio mweusi umeitwa wa "giza", rangi nzito zimeitwa za "giza", na skrini iliyopungua mwanga imeitwa yenye "giza". Giza ni kukosekana kwa mwanga. Msomaji akiambiwa aondoe giza ataongeza mwangaza wa skrini, na ukurasa mweusi utabaki mweusi vile vile, ila utang'aa zaidi. Semeni ukurasa mweusi, rangi iliyokoza, na mwangaza hafifu, na kila msomaji atajua pa kwenda.

La nne ni kipimo cha rangi yenyewe. Wataalamu wa rangi hupambanua mambo matatu: ni rangi gani, imekolea kiasi gani, na ina mwanga kiasi gani. Mwongozo una "ongeza rangi" na "punguza rangi" kwa yote matatu. Hapa ndipo tunapotaka kumwomba mfasiri aiache meza yake kwa muda, ashuke pwani, aende Pangani, Kigombe au Moa, akakae na wanawake wanaosuka ukili wa mikeka. Wao hutia chane za ukindu katika sufuria ya rangi inayochemka, na kazi yao imewafanya wawe na maneno ya rangi yaliyo makini kuliko yetu. Rangi iliyoingia barabara imekolea. Ile iliyozidishwa makusudi imekozwa. Iliyopigwa na jua ikaelekea weupe imepauka. Iliyotoka katika maji ya kufulia imechuja. Iliyopungua nguvu kidogo kidogo imefifia. Hakuna msusi atakayechanganya kuchuja na kupauka, kwa sababu la kwanza ni kosa la aliyetia rangi, na la pili ni kazi ya jua.

Vivyo hivyo katika mashamba ya mkonge, zao lililoletwa Tanga mwaka 1893, singa hupangwa katika madaraja kwa urefu, usafi na rangi yake. Singa nyeupe iliyokauka vizuri na singa iliyobadilika rangi haziuzwi kwa bei moja. Watu wa mkoa huu wamekuwa wakizipambanua rangi kwa riziki yao muda mrefu kabla ya skrini kufika.

Je, maneno hayo yote yafaa kuhamishwa kutoka nguo na ukindu kuja katika skrini? Si yote. Kuchuja, kwa mfano, ni rangi kutoka mahali pamoja na kwenda kwingine. Ukifua kanga inayochuja pamoja na kanzu, kanzu ndiyo itakayokuambia. Katika skrini rangi haihamii popote, kwa hiyo kuchuja tuliache liendelee na kazi yake. Lakini kukolea lafaa kabisa kwa kile kipimo cha pili, na nomino yake ukolevu haina ugeni. Kupauka lafaa kwa ukurasa ambao rangi zake zote zimeelekea weupe, hali inayotokea mara nyingi waraka uliotengenezwa kwa kipimo kimoja cha rangi unapoonyeshwa na programu isiyokifuata kipimo hicho. Kufifia tuliweke kwa mwangaza, maana taa nayo hufifia. Na mahali ambapo rangi moja imeufunika ukurasa mzima, kama ile manjano inayotokea jioni kompyuta inapopunguza mwanga wa buluu ili kuyapumzisha macho, tunalo neno utando. Mwongozo umekuita huko "rangi kutawala". Lakini utando ndio unaokaa juu ya kitu na kukufanya ukione kwa rangi isiyo yake.

Itasemwa kwamba maneno haya ni ya pwani, na kwamba karani wa bara hayajui. Hoja hii ni nzito, na hatupendi kuipuuza. Hata hivyo kukolea, kupauka na kufifia yamo katika kamusi sanifu, na yanatumiwa na watu wengi wasiowahi kuona ukindu ukitiwa rangi. Chumvi hukolea Tabora kama inavyokolea Tanga. Tulilokosa si uenezi wa maneno bali uamuzi wa kuyatumia. Tumelipata funzo hilo katika jina la mashine yenyewe. Zilipendekezwa ngamizi na tarakilishi. Hapa Tanzania watu wakaendelea na kompyuta, na mwongozo tunaouhakiki umefanya vyema kuwafuata. Istilahi isiyotoka katika vinywa vya watu, wala kuingia humo, hukaa katika orodha tu.

La tano ni la sarufi. Tofauti ya nguvu kati ya mahali penye mwanga na mahali pasipo na mwanga mwongozo umeiita "utofautishaji". Neno hilo ni la kitendo: ni kazi ya mtu anayetofautisha vitu. Skrini haifanyi kazi hiyo. Inayo hali tu, kubwa au ndogo. Kwa hali, lugha yetu hujenga majina kama mgeuko, mpinduko na mporomoko. Kutokana na kupambanuka twaweza kupata mpambanuko, na maandishi yasiyosomeka kwa kuwa kijivu kimewekwa juu ya kijivu yatakuwa na mpambanuko mdogo.

Si haki kutaja makosa na kunyamazia mema. Mwongozo umeliita lile jedwali linaloieleza kompyuta tabia ya rangi za skrini fulani "wasifu wa rangi". Wengine wamelicheka neno hilo kwa kuwa wanaujua wasifu wa mwombaji kazi. Sisi twalikubali. Kusifu katika asili yake ni kueleza sifa za kitu, na jedwali hilo halifanyi lingine. Kadhalika mfasiri ameeleza vizuri jaribio moja ambalo kila ofisi ingefaa kulijua: piga picha ya skrini kwa kompyuta yenyewe, kisha uitume katika kompyuta nyingine. Picha hiyo haipiti katika waya wala katika kioo cha skrini. Ikionekana sawa kule, aghalabu ugonjwa uko katika skrini au waya; ikionekana mbovu kule pia, ugonjwa uko katika programu au katika waraka. Lau kama jaribio hilo lingewekwa katika ukurasa wa kwanza badala ya wa saba, karani wetu asingegusa mpangilio wowote.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Shaaban Robert alifanya kazi katika ofisi ya upimaji mjini Tanga katika miaka ya 1950. Ramani ya karatasi iliyoshikwa na karani wa wakati ule ilikuwa na rangi zile zile kwa kila aliyeiangalia mezani. Ramani ya leo huchanganyiwa rangi upya na kila skrini inayoionyesha. Ndiyo maana katika mwaka 1993 makampuni kadhaa yaliunda chama cha kimataifa cha kupatanisha wasifu wa rangi, na mwaka 1999 kikatolewa kiwango cha kimataifa cha rangi za skrini kinachofuatwa na kompyuta nyingi mpaka sasa. Mashine zimepatanishwa. Kilichobaki ni kuyapatanisha maneno ya wanaozitumia.

Kwa hiyo tunayaweka mapendekezo haya mbele ya wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayapime:

(a) nyaraka, na programu ya kusomea nyaraka, badala ya "hati" na "kitazama hati";
(b) buluu kwa mwanga wa tatu wa skrini, samawati kwa rangi iliyo kati ya buluu na kijani, majenta kwa wino wa wapiga chapa;
(c) ukolevu wa rangi kwa kadiri rangi ilivyokolea; kukoza rangi kwa kuuongeza;
(d) mwangaza kwa nguvu ya mwanga wa skrini; mpambanuko kwa tofauti ya nguvu kati ya sehemu zake;
(e) kupauka kwa rangi zilizoelekea weupe, kufifia kwa mwangaza uliopungua, utando kwa rangi moja iliyofunika ukurasa;
(f) kusahihisha rangi, kuweka rangi za msomaji na kupindua rangi, kwa vitendo vitatu vilivyo mbalimbali;
(g) ukurasa mweusi badala ya ukurasa wa "giza".

Hatudai kwamba orodha hii imekamilika, wala kwamba kila neno humo litapokewa. Msomaji aliye na neno lililo bora, hasa akiwa amelisikia kwa watu wafanyao kazi ya rangi, na atuandikie, tulipime pamoja. Tunachoshikilia ni kanuni moja tu: katika mwongozo wa kurekebisha, ugonjwa mmoja uwe na jina moja, na jina moja liwe na dawa moja.

Mkulima yule alirudi wiki iliyofuata. Waya ulikuwa umekwisha kukazwa, na shamba lake katika ramani lilikuwa manjano.